Maswali ya Wasomaji: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Mwezi huu mmeniandikia wengi na karibu nusu ya barua zinaanza na sentensi ileile, "fundi nishabadilisha hiki na kile na bado tatizo lipo". Jamani! Mtu anabadilisha betri, plagi, rilei, mpaka kiti angebadilisha kama angeambiwa, na testa, kile kipima umeme, hajaigusa. Haya tuingie kazini. Ila ombi moja kwa mnaoandika, nitajieni aina ya pikipiki, mwaka na kilomita ilizotembea, maana "inalia ngo ngo ngo" peke yake naweza kukupa majibu kumi na yote yakawa siyo.

Betri ya pili ndani ya miezi miwili

*Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya safari ya silinda nne, ina kilomita 71,000. Nikitembea mchana haina shida, nikitembea usiku umbali mrefu taa zinafifia, nikisimama kuweka mafuta haiwaki tena mpaka isukumwe. Nimeshanunua betri mbili. Nimefunga taa mbili za ziada mbele, gripu za joto na chaja ya simu. Hii betri ya pili nayo feki au? – Msafiri wa Usiku*

Marahaba. Betri zako hazikuwa feki, umeziua mwenyewe kwa njaa. Betri ni tanki tu ndugu yangu, haitengenezi umeme, na wewe unabadilisha tanki wakati bomba ndo halileti maji.

Chukua testa, hata ile ya bei rahisi kabisa inatosha. Pikipiki ikiwa imelala usiku mzima haijawashwa pima kwenye vichwa vya betri, ikiwa nzima na imejaa inasoma volti 12.6 mpaka 12.8 hivi. Sasa washa, taa kubwa ikiwa inawaka, piga resi mpaka kama mizunguko 5,000 kwa dakika halafu pima tena palepale. Nyingi zinatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu huku unapiga resi basi chaji hakuna, na ikipanda kupita 15 basi regulata, kile kifaa kinachodhibiti chaji, imechoka inaichemsha betri, zima haraka.

Tuseme chaji hakuna. Fuata zile waya tatu zinazotoka kwenye injini kwenda regulata, mara nyingi ni njano zote tatu, utakuta soketi mahali. Hapo simama kidogo uiangalie hiyo soketi kwa macho kabla ya kupima chochote. Plastiki imegeuka kahawia? Kuna pini moja imekuwa nyeusi na ukiigusa inavunjikavunjika kama mkaa? Basi umeshampata mwizi au angalau mmoja wao. Pini ikilegea kidogo inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linailegeza zaidi, mpaka siku plastiki inayeyuka. Nimeona regulata nzima kabisa zikitupwa kwa ajili ya soketi tu.

Kama soketi ni safi, ichomoe, washa injini, weka testa kwenye AC, sio DC, upime waya za upande wa injini mbilimbili: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Unatafuta namba tatu zinazolingana. Kwenye resi ya 5,000 nyingi zinatoa volti 50 au zaidi kwa hiyo usishike shike waya na vidole, inapiga. Mbili zikiwa 60 na moja ikiwa 20, steta, zile koili zinazotengeneza umeme ndani ya injini, imeungua. Zima injini, weka testa kwenye mlio, gusa kila waya na bodi ya injini, isilie. Ikilia steta imegusa athi, nayo imekwisha. Zote zikiwa sawa na hakuna mlio, basi steta ni nzima, na kinachobaki ni regulata au waya zake za kwenda betri.

Alafu hizo taa zako. Kama ni zile za wati 55 kila moja, mbili ni 110, gawa kwa volti 13 na nusu unapata amp 8 hivi, bado gripu, bado feni ya rejeta, bado pampu ya mafuta, bado taa kubwa yenyewe. Steta ya pikipiki sio ya lori. Badilisha hizo mbili ziwe za LED, betri itapumua. Ila nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui: regulata za aina ya zamani, zile za shanti, zinaiachia steta itoe umeme wake wote muda wote na unaobaki zinaurudisha kwenye koili na kuugeuza joto, kwa hiyo LED itaiokoa betri yako lakini haitaipoza steta. Ukitaka steta ipoe funga regulata ya aina ya siriizi, ile inayokata umeme badala ya kuushoti. Mimi steta ikiungua mara moja sirudishi regulata ileile ya shanti, naona ni kujitafutia.

Cheni inabana halafu inalegea

*Fundi habari. Nikizungusha tairi la nyuma kwa mkono, sehemu moja cheni imekaza kama waya wa gitaa, nusu mzunguko mbele inaning'inia. Nikiikaza inalia, nikiilegeza inapiga kwenye swingiamu (ule mkono unaoshika tairi la nyuma). Niikaze kwa kufuata wapi? – Mama Kilomita*

Nzuri mama, na hongera kwa kuligundua hilo mwenyewe, wengi wanapima sehemu moja tu wanafunga nati wanaondoka.

Unakaza kwa kufuata pale palipobana zaidi, daima. Ukifuata palipolegea, basi pale penye kubana patavutika kupita kiasi kila mzunguko, na kinachoumia sio cheni peke yake, ni beringi ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, na hiyo kuifikia ni kupasua injini. Kipimo angalia stika iliyopo kwenye swingiamu au kitabu cha pikipiki, nyingi za barabarani ni milimita 25 mpaka 35 za kupanda na kushuka katikati, zile ndefu za adventure zinataka zaidi, 35 mpaka 45 na nyingine zinapita hapo. Usiige ya jirani. Na kumbuka cheni inabana zaidi ukipakia: shoku zikishuka, sproketi ya mbele (ile gia yenye meno inayovuta cheni), pini ya swingiamu na ekseli ya nyuma vinakaribia kukaa kwenye mstari mmoja na hapo ndipo cheni inakuwa imevutwa kuliko wakati wowote. Mtu anakaza vizuri gereji pikipiki ikiwa tupu, anapakia mabegi matatu na mwenzake nyuma, anashangaa inalia.

Ila wewe kwa unavyoeleza naona cheni imeshachoka bila usawa, viungo vingine vimevutika na vingine vimeganda. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea nyuma. Ikitoka ukaona nusu ya jino iko wazi, imekwisha, na badilisha vyote vitatu kwa pamoja, sproketi mbili na cheni, maana cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka kama mapezi ya papa inakufa haraka. Namba iliyogongwa pembeni, mfano 525, tano ya kwanza ni umbali kati ya pini na pini, tano ya nane ya inchi yani milimita 15.875, na 25 ni upana. Kwa hiyo 520, 525 na 530 zote zina pini za umbali uleule lakini upana tofauti, usidanganywe kuwa "zinaingiliana".

Kusafisha ni mafuta ya taa na brashi laini. Petroli hapana, brashi ya waya hapana, kuna vipete vya mpira ndani ya kila kiungo vinashikilia grisi ya kiwandani, ukivikata hivyo umeiua cheni nzima hata kama inang'aa. Na tafadhali sana, tairi zungusha kwa MKONO. Usiwashe injini ukaweka gia ya kwanza ili "izunguke yenyewe" huku umeshika kitambaa. Kitambaa kikivutwa kinaenda na kidole.

Oili ya gari

*Nilikosa oili ya pikipiki nikaweka ya gari, tena ya gharama. Sasa nikipanda mlima injini inapiga kelele spidi haiongezeki. – Bila Jina*

Klachi inateleza. Kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari ya siku hizi zina dawa za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Imwage, badilisha filta, weka yenye maandishi JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Tembea nayo kidogo, mara nyingi klachi inarudi. Isiporudi sahani ndo basi tena. Ukiona kopo limeandikwa JASO MB hiyo ni ya skuta, iache. (Wenye BMW za boksa za zamani na Moto Guzzi zenye klachi kavu msianze kuniandikia, najua, haiwahusu.)

Beringi ya kununua nje ya duka la pikipiki

*Kaka fundi, beringi za tairi la nyuma zimekwisha, duka la spea wananiambia nisubiri wiki sita ziagizwe. Rafiki yangu anasema beringi ni beringi, niende tu wanakouza za mashine. Naogopa, ni tairi hilo sio mchezo. – Dada wa Milimani*

Rafiki yako anasema kweli dada, na hili swali nimelipenda maana hapa ndipo watu wanapoteza muda na hela bure kabisa.

Beringi za magurudumu kwenye pikipiki nyingi hazitengenezwi na kiwanda cha pikipiki, zinanunuliwa kutoka viwanda vya beringi kama SKF, NSK, NTN, Koyo, na zina namba ya dunia nzima. Toa kifuniko cha vumbi, futa grisi, utasoma namba pembeni ya beringi. Mfano 6204: tundu la ndani milimita 20, nje 47, unene 14. Ukikuta 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15. Hata namba ikiwa imefutika, zitoe upime na venia kalipa (kile kifaa cha kupimia upana na unene), utaipata. Baada ya namba kuna herufi na hizo nazo usizidharau: 2RS maana yake ina mpira pande zote mbili, hiyo ndo unayoitaka kwenye gurudumu, sio ZZ yenye bati maana bati halizuii maji. Na kama ya zamani iliandikwa C3, nunua C3, ni nafasi ya ndani iliyoongezwa kidogo kwa ajili ya joto.

Kujua kama kweli zimekwisha, inua tairi, lishike juu na chini ulitikise, mchezo wowote ule ni dalili mbaya. Halafu likishatoka ingiza kidole kwenye tundu la beringi uizungushe polepole, polepole kabisa. Nzima inateleza kama sindano kwenye mafuta. Mbovu utaisikia kwenye ncha ya kidole, kama kuna punje za mchanga mle ndani, au inakwama kwenye vishimo vishimo. Ukisikia hivyo usijiulize mara mbili.

Sasa kufunga ndo kwenye mtihani, na mimi mtihani huo nilishaufeli. Miaka ile najifunza nilichukua nyundo na bomba dogo nikaigonga beringi mpya kwa kupiga pete ya NDANI, ikaingia vizuri tu, nikafurahi, sikufika hata kilomita elfu mbili nikaanza kusikia mvumo uleule wa mwanzo. Ukipiga pete ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi na zinachimba vishimo kwenye njia yake, beringi inakufa kabla haijaanza kazi. Gonga pete ya NJE tu, tumia soketi yenye ukubwa wa pete hiyo, au ile beringi ya zamani kama kigongeo. Ilaze beringi mpya kwenye friza usiku mzima, na habu, kile kitovu cha gurudumu, ipashe joto kwa hita ya hewa, itaingia karibu yenyewe. Na kati ya beringi mbili kuna bomba la katikati, usilisahau mezani! Likikosekana, ukikaza ekseli unazibana beringi kwa pembeni na zitaungua njiani.

Nikishasema hivyo, sio kila kitu ukanunue mtaani. Beringi na oili sili sawa, vina vipimo, hata sili ya foki (zile shoku za mbele) inaandikwa namba zake, mfano 41 kwa 54 kwa 11. Lakini bolti za kalipa za breki, ekseli, mipira ya breki, hapo nunua kwa namba ya spea ya kiwandani kwa kutumia namba ya fremu, zile tarakimu na herufi 17. Bolti mbili zinaweza kufanana kama pacha na chuma kikawa sio kimoja.

Malalamiko kuhusu jibu la mwezi uliopita

*Fundi mwezi jana ulisema "DOT kubwa ni bora kuliko ndogo" kwenye mafuta ya breki. Nimeambiwa nikimwaga DOT 5 kwenye mfumo wa DOT 4 naharibu. Nani mkweli? – Nimechanganyikiwa*

Aliyekwambia ndo mkweli na mimi niliandika ovyo, samahani. DOT 3, 4 na 5.1 zote ni za familia ya glaikoli na hizo namba zikipanda uwezo wa kuhimili joto unapanda. DOT 5 bila nukta moja ni silikoni, mtu baki kabisa, haichanganyiki nazo. Harley-Davidson nyingi za zamani zilitumia hiyo, kwa hiyo soma kifuniko cha kopo la breki, kimeandikwa. Ya glaikoli inanyonya unyevu wa hewani, ndio maana ibadilishwe kila miaka miwili hata kama pikipiki imelala, kopo lililofunguliwa mwaka jana usilitumie, na likikudondokea kwenye rangi ya tanki mwagia maji papo hapo.

Skrubu zinalika vichwa

*Kila nikifungua skrubu za msalaba kwenye pikipiki ya Kijapani vichwa vinalika. Ni laini? – Mikono Mizito*

Sio laini, bisibisi yako ndo siyo. Za Kijapani za msalaba nyingi ni za kiwango kinaitwa JIS, na bisibisi ya kawaida ya Phillips imechongwa kiasi kwamba ikizidiwa inajisukuma nje. Nyingi zina kidoti kidogo kwenye kichwa, kitafute. Nunua bisibisi moja ya JIS namba 2 na moja namba 3, iweke wima, igonge kidogo na nyundo ndo uzungushe.

Tairi "jipya"

*Nimeuziwa tairi jipya lina maandishi 1417 pembeni. – Mteja*

Limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2017. Halijatembea ni kweli, ila jipya sio. Rudisha.

Nibebe spea gani?

*Tunaondoka watu wanne, siku ishirini, pikipiki nne za aina tofauti. Kila mtu ana orodha yake na mabegi yamejaa kabla ya nguo. Wewe ungebeba nini? – Kapteni wa Msafara*

Kapteni, anza na vifaa vya pancha na pampu ndogo, hapo hakuna mjadala. Wenye tairi za mpira wa ndani wabebe mpira, na ukikosa nafasi beba wa tairi la mbele, ukibanwa unaweza kuingia nyuma kwa dharura. Fyuzi za kila saizi. Waya wa klachi kwa mwenye klachi ya waya, tena uupitishe sambamba na ule unaotumika kabisa ukae hapohapo tayari. Hendeli moja ya klachi na moja ya breki ya mbele, maana pikipiki ikianguka hata imesimama ndo vinavyovunjika. Kiungo cha cheni kwa wenye cheni, mwenye shafti badala ya cheni kama Honda Gold Wing yeye anacheka tu hapo. Waya wa binding, vibano vya plastiki, gundi ya chuma ya kuchanganya kwa ajili ya kasha la injini likipasuliwa na jiwe. Testa. Basi. Sijui koili, sijui pampu ya mafuta, acheni nyumbani, kama pikipiki imetunzwa hazifi kwa zamu ndani ya siku ishirini.

Vifaa vya kufungulia ndo kwenye shida, na dawa yake ni hii: wiki mbili kabla ya kuondoka kila mmoja afanye sevisi yake yote kwa kutumia vifaa vilivyomo kwenye begi la safari TU, asiruhusiwe kugusa sanduku kubwa la gereji. Toa tairi zote mbili, toa betri, toa tanki, kaza cheni. Kila mtakapokwama andika. Nina uhakika angalau mmoja wenu atakwama kwenye nati ya ekseli ya nyuma, maana ni kubwa, milimita 24, 27, nyingine 32 au zaidi, na kwenye seti za kawaida za spana haimo. Na wengine ekseli ya mbele inataka heksi kubwa ya 17 au 19 ambayo nayo hakuna anayetembea nayo. Bora mgundue mkiwa mmekaa kwenye kivuli.